Lupu ya efekti kwenye amplifaya ya gitaa: mfuatano au sambamba, pedali au raki?

Amplifaya nyingi za gitaa zinazofika Mtwara na Lindi ni za mkono wa pili, zimepitia Kariakoo, na kitabu chake cha maelekezo kilishapotea zamani. Nyuma kuna matundu mawili yameandikwa Send na Return, wakati mwingine Preamp Out na Power Amp In. Mwenye nayo ama hayagusi kabisa, ama anachomeka pedali ya dilei, anasikia mlio umepasuka au umenywea, kisha anatangaza kwamba pedali ni mbovu. Mara nyingi pedali ni nzima. Tatizo ni kiwango: volti zinazotoka Send si zile ambazo pedali ilitengenezwa kuzipokea. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye volti. Bei na jina la kampuni havitakusaidia kuchagua hapa.

Mbele ya amplifaya, au kwenye lupu?

Amplifaya ina sehemu mbili. Priampu inapokea gitaa, inalikuza, inalichonga kwa besi, midi na trebo, na ndiyo inayoleta ule ukali wa distosheni. Pawa inachukua sauti iliyokwisha kuchongwa na kuisukuma spika. Lupu iko katikati yake: Send inatoa sauti ya priampu, Return inaiingiza pawa.

Dilei ukiiweka mbele ya priampu inayopiga distosheni, kila mwangwi unapasuliwa pamoja na noti mpya, na rivabu inageuka uji. Ukiiweka kwenye lupu, distosheni inatangulia, mwangwi unafuata ukiwa safi, na kila noti inasikika mahali pake. Korasi na fleja zinakaa kokote, ni suala la sikio. Lakini wah, kompresa na overdraivu zibaki mbele siku zote, kwa sababu zinategemea nguvu ndogo ya pikapu za gitaa na jinsi mkono unavyopiga.

Sasa, kama unapiga dansi au sebene kwa mlio safi, hukumu yetu ni hii: usihangaike na lupu. Priampu isipopasua sauti, dilei iliyokaa mbele na iliyokaa kwenye lupu zinakaribiana sana, na mbele unatumia nyaya mbili tu badala ya tatu. Lupu inalipa pale distosheni inapotoka kwenye amplifaya yenyewe. Kama distosheni yako inatoka kwenye pedali, panga dilei baada ya pedali hiyo, zote mbele, na umemaliza.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Tundu la Line Out si Send, maana halikati njia ya sauti. Tundu la Speaker ndiyo hatari kabisa: wati 20 kwenye spika ya omu 8 ni volti kama 12.6, na pedali haitavumilia. Tena amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti.

Mfuatano na sambamba

Katika lupu ya mfuatano, sauti yote inatoka Send, inapita kwenye efekti, inarudi Return. Fender Hot Rod Deluxe iko hivyo, na amplifaya nyingi za bei ya kati ziko hivyo. Katika lupu sambamba, sauti kavu (isiyo na efekti) inaendelea ndani ya amplifaya bila kutoka, nakala yake inakwenda kwenye efekti, na nobu ya mchanganyo inaamua nakala hiyo irudi kwa kiasi gani. Mesa/Boogie Dual Rectifier za zamani zina lupu ya namna hiyo. Roland JC-120 za sasa zina swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili, na Marshall JVM410H ina nobu ya kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Utajuaje yako ni ipi kama haijaandikwa? Chomeka waya kwenye Return peke yake, upande wa pili ukiwa hewani, na Send ikiwa tupu. Piga gitaa. Sauti ikikatika kabisa, ni mfuatano. Ikiendelea, au ikipungua kidogo tu, ni sambamba.

Uzuri wa sambamba ni kwamba sauti kavu haipiti kwenye efekti, hivyo haichafuliwi na pedali hafifu. Uzuri wa pili unaonekana kwenye ukumbi wa harusi wenye ekstensheni iliyolegea. Adapta ya pedali ikichomoka, au umeme ukicheza na mashine ya efekti ikajizima na kuanza kuwaka upya, kwenye lupu sambamba mwangwi tu ndio unaopotea na gitaa linaendelea. Kwenye mfuatano gitaa linanyamaza katikati ya wimbo, isipokuwa pedali iwe na swichi inayopitisha sauti moja kwa moja hata bila umeme. Si pedali zote zilizo nayo.

Lakini sambamba ina sharti ambalo wengi hawalijui: efekti lazima itoe sauti ya efekti tupu, bila sauti kavu hata chembe. Pedali ikitoa na kavu yake, sauti kavu mbili zinakutana, moja ya ndani na moja iliyozunguka kwenye mashine ya dijitali na kuchelewa kidogo. Ikichelewa milisekunde 1 tu, masafa ya 500 Hz yanafutana, kisha 1500, kisha 2500, na kuendelea. Noti ya freti ya saba kwenye uzi wa kwanza iko 494 Hz, karibu kabisa na shimo la kwanza, kwa hiyo inasikika imekonda wakati jirani zake ziko sawa. Mtu akikwambia gitaa lake lina "noti zilizokufa" tangu aweke dilei kwenye lupu, usianze kuchunguza freti. Angalia kama lupu ni sambamba, na kama nobu ya Mix ya pedali iko mwisho.

Pedali nyingi ndogo za dilei haziwezi kuzima sauti kavu. Mashine za raki, zile pana za kufungwa kwenye fremu badala ya kuwekwa miguuni, zinaweza karibu zote: weka Mix asilimia 100. Ikwalaiza, kompresa, tremolo na pedali ya kupandisha na kushusha sauti hazifai sambamba hata kidogo, maana kazi yake ni kuibadilisha sauti yote, na hapa nusu ya sauti haipiti kwake. Baadhi ya lupu hizi huacha sauti kavu kidogo ipite hata nobu ya mchanganyo ikiwa mwisho kabisa, hivyo usitegemee kuigeuza mfuatano kwa kuizungusha tu.

Tukilazimika kumchagulia mtu asiyemwona fundi mara kwa mara, tunampa ya mfuatano. Haina mtego wa kukonda kwa noti, na inapokea efekti yoyote.

Volti: hapa ndipo pedali na raki zinapoachana

Kuna viwango vitatu utakavyokutana navyo. Kiwango cha pedali huandikwa -20 dBu au -20 dBV (dBu na dBV ni desibeli zinazosimamia volti), yaani volti 0.08 hadi 0.1. Cha vifaa vya nyumbani ni -10 dBV, volti 0.316. Cha studio na raki ni +4 dBu, volti 1.23. Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho ni kama desibeli 24, yaani sauti kubwa mara 16 hivi kwa volti. Hakuna sikio la kuvumilia kosa la ukubwa huo.

Pedali ya volti 9 ina nafasi ndogo. Sakiti zake haziwezi kufika 0 wala 9 kamili, kwa hiyo wimbi lake linaishia kwenye volti 6 au 7 kutoka chini hadi juu, sawa na volti 2 na kitu kwa kipimo cha testa. Lupu ya +4 dBu inatoa volti 1.23 za kawaida, lakini ukipiga kodi kwa nguvu kilele kinaruka desibeli 10 au zaidi, sawa na kufika volti 4. Pedali inakatwa kichwa. Hiyo ndiyo ile sauti ya kukwaruza inayotokea kwenye mapigo makali tu na kupotea ukipiga polepole.

Raki kwenye lupu ya kiwango cha pedali inakosea kwa upande wa pili. Taa zake za kiwango hazipandi, mwenye nayo anafungua Output hadi mwisho, na pamoja na gitaa anapandisha kelele ya "shii" ya mashine yenyewe. Kwenye mashine ya biti 16, kila desibeli 6 unazoingia chini zinakula biti moja. Ukiingia chini kwa desibeli 24, unapiga mashine ya biti 12 uliyoilipia kama ya 16.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si "pedali au raki?" bali "kuna swichi ya kiwango?" JC-120 inayo, -20 na +4. JVM410H inayo, -10 na +4. Kwa upande wa mashine, Yamaha SPX90 ina swichi yake nyuma, -20 na +4, na Behringer Virtualizer za raki zina -10 na +4. Upande mmoja ukiwa na swichi, unaweza kuoanisha. Zote mbili zisipokuwa nayo, pima.

Kupima si kazi kubwa. Pakua programu ya simu inayotoa mlio mmoja wa sine, uweke 200 Hz, uunganishe tundu la hedifoni na ingizo la amplifaya kwa waya wa kugeuza, upande wa kushoto peke yake. Panda sauti ya simu hadi testa isome volti 0.1 kwenye ingizo. Weka chaneli safi, toni katikati, gaini pale unapoitumia siku zote. Chomeka waya kwenye Send, kisha upande wake wa pili pima kati ya ncha na shina la jeki, testa ikiwa kwenye volti za AC. Ukipata karibu 0.1, nunua pedali. Karibu 0.3, pedali nyingi zitafaa na raki yenye -10 itafaa vizuri zaidi. Ukipata 1 na kwenda juu, ni lupu ya raki.

Angalia testa yenyewe kwanza. Zile ndogo za njano za aina ya DT830, ambazo kila fundi wa redio anazo, kipimo chake cha chini kabisa cha AC ni volti 200, na tarakimu yake ya mwisho ni volti 0.1. Haiwezi kukutofautishia 0.08 na 0.16. Azima testa yenye kipimo cha volti 2 au milivolti za AC.

Ukiwa bado umechomeka, zungusha sauti ya chaneli, kisha masta. Ile inayobadilisha namba iko kabla ya Send. Isiyobadilisha iko baada ya Return. Kwenye amplifaya nyingi za chaneli mbili, sauti ya chaneli iko kabla. Maana yake ni kwamba unaweza kushusha Send kwa kushusha chaneli na kupandisha masta, bila kununua chochote. Watu hufanya kinyume, chaneli juu na masta chini ili majirani walale, halafu wanalalamika kwamba lupu inapasua.

Kupanga viwango

Hatua ya kwanza haina efekti. Unganisha Send na Return kwa waya mfupi na ulinganishe na lupu ikiwa tupu. Kwenye lupu ya mfuatano sauti iwe ileile. Ikibadilika, tatizo ni la amplifaya. Limalize hapo kwanza.

Weka swichi ya lupu kwenye kiwango cha chini, au nobu ya Send karibu na sifuri. Weka efekti ikiwa imezimwa na ulinganishe tena. Kisha chagua chaneli yako yenye nguvu zaidi, pikapu ya karibu na briji, na upige kodi ya nyuzi zote sita kwa mkono wa jukwaani. Mkono wa nyumbani ni mwepesi kila mara, ndiyo maana mpangilio wa nyumbani unapasuka ukumbini. Pandisha Send, au Input ya mashine, hadi taa ya kilele iwake kwenye pigo kali kabisa, kisha rudisha hadi isiwake, halafu rudisha kidogo tena. Mashine za dijitali ziachie desibeli 6, kwa sababu zikipita kikomo hazipasui kwa ulaini, zinakwaruza.

Baada ya hapo ndipo unapogusa Output au Return. Washa na uzime efekti huku ukipiga kitu kilekile, na uzungushe hadi nguvu ya gitaa isibadilike. Mchanganyo wa mwangwi unakuja mwisho kabisa. Ukianza nao, utakuwa unarekebisha kosa la kiwango kwa nobu isiyohusika. Badilisha chaneli na urudie pigo kali. Kama chaneli ya distosheni inapasua efekti na ya safi haipasui, shusha sauti ya chaneli ya distosheni na uache Send ilivyo.

Lupu ina nguvu na pedali ndiyo uliyonayo

Una njia tatu. Ya kwanza ni pedali inayokubali volti 18, ambayo inakuongezea desibeli 6 za nafasi. Soma lebo ya pedali kwanza. Iliyoandikwa 9 peke yake inaweza kuungua.

Njia ya pili, na tunayoipenda zaidi kwa sababu fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu bati anaiweza, ni kisanduku cha kupunguza: jeki mbili, rizista mbili za robo wati, boksi la chuma. Rizista ya kilo-omu 10 inakaa kati ya ncha ya jeki ya kuingilia na ncha ya jeki ya kutokea, na ya kilo-omu 3.3 inatoka ncha ya kutokea kwenda grandi. Inapunguza desibeli 12, kutoka +4 dBu hadi karibu -10 dBV. Ukihitaji desibeli 24, ile ya 3.3 iwe omu 680. Kama amplifaya ni ya valvu na Send yake haina bafa (sakiti inayoipa sauti nguvu isibanwe na kinachofuata), kilo-omu 10 zinaibana mno; tumia 47 na 15 badala ya 10 na 3.3. Kisanduku kinakaa kati ya Send na pedali. Sauti inayorudi itakuwa ndogo, hivyo pandisha masta. Masta isipotosha, weka mwishoni ikwalaiza kama Boss GE-7, ambayo nobu yake ya Level inapandisha hadi desibeli 15, ukikubali kelele ya "shii" kidogo.

Njia ya tatu ni kuuza pedali na kununua raki ya mkono wa pili. Kwa lupu ya +4 isiyo na swichi, hii ndiyo inayolia vizuri kuliko zote. Ubaya wake ni uzito, boksi lake, na swichi ya mguu ya kununua pembeni.

Nyaya ndefu

Kutoka Send hadi miguuni na kurudi ni mita 12 kwa urahisi. Waya wa gitaa una kama pikofaradi 100 kwa mita, jumla 1200 pedali ikipitisha sauti moja kwa moja. Send yenye bafa ya kilo-omu 1 haijali. Isiyo na bafa, yenye kilo-omu 47, inaanza kupoteza sauti za juu kuanzia takriban 2800 Hz, na gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Hapo weka efekti juu ya amplifaya, nyaya za mita moja, na kama ni pedali tafuta yenye tundu la swichi ya mguu.

Mvumo ukianza pale tu lupu inapochomekwa, mara nyingi chanzo ni grandi mbili: amplifaya na adapta kwenye soketi tofauti. Ziweke kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, tumia transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate waya wa ethi kwenye plagi, hata kama mvumo unaondoka.

Chumvi ya baharini na tundu la Return

Ndani ya Return ya lupu ya mfuatano kuna bati dogo linalogusa ncha wakati hakuna kilichochomekwa, na sauti yote ya amplifaya inapita hapo. Kwa hewa ya Mikindani au Lindi mjini, bati hilo linashika kutu ya kijani, na amplifaya ambayo haijawahi kutumia lupu inaanza kufifia, kukatika, kurudi ukiigonga. Masasi na Newala vumbi la kiangazi linafanya kazi hiyohiyo. Nyingi hupelekwa kubadilishiwa valvu au transista za pawa bure. Kipimo ni kile cha hatua ya kwanza: unganisha Send na Return kwa waya mfupi. Sauti ikirudi kamili, amplifaya ni nzima na jeki ndiyo chafu. Nyunyizia sprei ya kusafishia kontakti, isiwe petroli, amplifaya ikiwa imezimwa, kisha ingiza na kutoa jeki mara 15 hivi. Isiposhika, bati limelala na linahitaji kuinuliwa kwa ndani. Kama ni ya valvu mwachie fundi, kwa sababu kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Hii pia ndiyo sababu, msimu wa korosho unapoingiza fedha na amplifaya zinapoanza kubadilisha mikono, uende kununua ukiwa na waya mmoja mfupi mfukoni. Anayeuza kwa bei ya kutupa kwa kuwa "sauti inakatika" anaweza kuwa anauza tatizo la sprei. Na anayeuza ikiwa tayari na waya huo mfupi umechomekwa nyuma, mwombe auchomoe, upige tena.